Sauti Nayo Ina Wenyewe

Neno matanga ni neno letu sisi watu wa pwani. Ni siku zile ambazo jamaa hukusanyika nyumbani kwa mfiwa, wakaketi majamvini, wakasoma, wakala kilichopatikana, na kumliwaza mwenzao mpaka machungu yapungue. Neno hilo lilipanda bara pamoja na Kiswahili, na lilipofika huko likaolewa na neno geni kuliko lenyewe. Leo ukiwa Kisii au Nyamira, Kakamega au Bungoma, na hata hapa Kilifi penye mlango wetu, utasikia habari ya disko matanga: jenereta yanguruma, spika zimepangwa uani, vijana wacheza mpaka alfajiri, na maiti yumo ndani angojea kuzikwa.

Machifu wamelipiga marufuku mara nyingi. Wazee wamelilaani, walimu wamelia kwamba watoto wa shule hupotelea gizani. Lawama hizo si za bure, na mwandishi wa makala haya hakuja leo kuzifuta. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa walaumu. Lakini la kuambiwa si kama la kuona, na niliyoyaona Nyamira yalinifundisha kwamba ndani ya kelele zile mna swali ambalo bado hatujaliuliza sawasawa, na swali hilo latuhusu sisi wa pwani kama linavyowahusu Wagusii. Swali lenyewe ni hili: sauti ni mali ya nani?

USIKU WA NYAMIRA

Nilikwenda kumpa pole mwandishi mwenzangu aliyefiwa na babake. Kutoka Mombasa ni safari ya usiku mzima, Nairobi ukaipita, Narok ukaipita, nchi tambarare ikakuchosha macho, halafu ghafla unapanda milima ya Wagusii. Migomba imesimama kila upande, majani ya chai yametandazwa vilimani kama zulia, na mvua ya alasiri haina haja ya kualikwa. Mtu wa pwani hufika pale na koti la kuazima. Lakini lugha ikimwingia sikioni atatambua kwamba amefika kwa jamaa. Mtu kwao ni omonto, watu ni abanto, nyumba ni enyomba, maji ni amache. Ni Wabantu wenzetu, majirani zao ni Wajaluo, Wakipsigis na Wamaasai. Na mjini Kisii wapo Wanubi, kizazi cha askari waliotoka Sudan zama za ukoloni, basi mgeni Mwislamu hakosi pa kuswali.

Usiku wa pili alifika DJ. Sisi wa makamo twamwita mpiga santuri, ingawa santuri yenyewe hanayo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na vyombo vyake vilikuja juu ya boda boda mbili: spika zilizofungwa kwa mipira ya baiskeli, kompyuta ya kukunja, na mashine ndogo ya kuchanganyia sauti. Hana kampuni iliyomwajiri wala kituo cha redio kinachomlipa mshahara. Mchana ana kibanda mjini Kisii, huwajazia watu nyimbo katika simu na flashi. Usiku huenda aitwako, ikiwa ni arusi au matanga.

Saa za mwanzo alipiga yale niliyoyatazamia. Alianza na benga ya Kikisii, nyimbo za marehemu Christopher Monyoncho ambazo wazee waliziitikia kwa midomo, zikafuata nyimbo za kanisani, kisha vurugu za vijana. Ilipopita saa sita mambo yakabadilika. Spika zilitoa mvumo mzito, kama nyuki ndani ya mzinga, mvumo ulioanza chini ya nyayo kabla haujafika sikioni. Ilikuwa obokano. Juu yake kijana alikuwa ametandika mvua ipigayo mabati, na tupa za wachongaji wa jiwe la sabuni wa Tabaka zikikwaruza kwa mapigo sawasawa, na chini kabisa ngoma iliyotengenezwa ndani ya kompyuta. Uwanja mzima uliinuka. Vijana walicheza, na akina mama wenye wajukuu wakacheza. Nami, Mola anisamehe, mguu wangu haukutulia.

Mzee mmoja tu hakuinuka. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, ameegemea bakora yake. Muziki ulipokwisha alimwita kijana, wakazungumza Kigusii, na mwenyeji wangu akanifasiria.

"Huo ni mkono wangu," mzee alisema.

"Naam, Tata, ni wewe. Nilikunasa mwaka juzi, pale Keroka, kwenye arusi."

"Mkono ni wangu, lakini wimbo si wangu. Mimi niliimba jina la mtu. Umeliweka wapi?"

Kijana alinyamaza. Baadaye alinieleza kwamba alikata kipande kidogo cha nyuzi, kile kilichompendeza, akakizungusha kijirudie. Maneno aliyaacha kwa kuwa yalimharibia mapigo. Na maneno yale ndiyo yaliyokuwa wimbo wenyewe: kumkumbuka marehemu fulani, jina lake, jina la babake, na kilima alichozikwa.

Mtu mmoja pembeni aliuliza kwa mzaha habari ya pesa. Kijana akageuza mifuko yake nje. Malipo ya usiku ule yalikuwa shilingi elfu tatu, na petroli ya jenereta imo humo humo. Hapakuwa na tajiri pale, wala aliyeibiwa utajiri. Kilichopotea kilikuwa kitu kingine, na mzee alikitaja kwa jina lake hasa.

ALA YENYE UKOO

Kwa wasioijua obokano, ni zeze kubwa la nyuzi nane. Bakuli lake huchongwa kwa mti, likavikwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ikapandishwa juu na kushikwa na mti wa kukingama, na nyuzi zikafungwa pale. Zamani nyuzi zilikuwa kano za mnyama. Siku hizi wengi hutia nailoni ya kuvulia samaki. Wajaluo wana nyatiti yao, nayo pia ina nyuzi nane, lakini obokano ni kubwa zaidi na sauti yake huenda chini zaidi, hata wataalamu wa muziki huipa cheo cha besi ya Afrika ya Mashariki. Anayeipiga huimba papo hapo. Humsifu mwenyeji, humkumbuka aliyekufa, humchokoza tajiri bahili, hutoa shauri kwa vijana. Kwa hiyo mpiga obokano ni malenga pia, na sisi tuliolelewa katika mashairi tungepaswa kumfahamu upesi.

Tena ala hii haikukaa peke yake duniani. Ukoo wake waenea mpaka mbali. Wakuria wanayo ya kwao, Wakipsigis wanayo, Waganda wana endongo, Wahabeshi wana krar na begena. Kutoka Sudan ukoo huo ulivuka bahari. Huko Ghuba, katika Kuwait na Basra, watu wenye asili ya Afrika waliipiga tambura katika ngoma zao, na katika pwani ya Bahari ya Shamu mabaharia wana simsimia. Basi mtu wa Mombasa au Lamu aliyesikia tambura kwa wajomba zake wa Ghuba, akisikia obokano kilimani Nyamira, asidhani amesikia kitu kigeni. Amesikia binamu.

MSICHANA WA KAPKATET NA MMAREKANI

Kuchanganya sauti hakukuanza na kompyuta. Siyo mbali na Nyamira, upande wa Wakipsigis, kuna mahali paitwapo Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine za kunasia sauti, alifika pale na kuwanasa wasichana wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Mmarekani, Jimmie Rodgers, mwimbaji aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika kijijini na Wazungu, pamoja na gramafoni. Watu waliposikia sauti ya mtu asiyeonekana ikitoka katika sanduku, wakamkisia sura: nusu mtu, nusu paa. Wakamtungia wimbo wao wenyewe kwa ala yao wenyewe.

Hebu tufikiri, ndugu msomaji. Wasichana wale walichukua sauti ya mgeni, wakaigeuza, wakaichanganya na ya kwao, wakatoa kitu kipya ambacho dunia yaendelea kukisikiliza. Lakini jina la mgeni hawakulitupa. Lilipinda kidogo midomoni mwao, hata hivyo lilibaki, na kwa jina hilo twajua hadi leo walimsikia nani. Hapo walimpita kijana wetu wa Nyamira aliye na kompyuta.

Kanda za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Tracey alifariki mwaka 1977. Miaka zaidi ya 60 baada ya kunaswa, nakala za sauti zile zilirudishwa Kapkatet na watu wa maktaba hiyo wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa. Wapo waliosikia tena sauti za ndugu zao. Ilikuwa heshima kubwa, lakini yafaa tujiulize: miaka yote ile, wimbo ulipokuwa ukisikilizwa ng'ambo, mwenyewe alikuwa wapi?

Jambo la namna hiyo limetokea penginepo na kumalizika vibaya zaidi. Mwaka 1992 kundi la Ufaransa liitwalo Deep Forest lilitoa wimbo ulioenea duniani kote. Sauti iliyo ndani yake ni ya mama mmoja wa Visiwa vya Solomon, Afunakwa, akimbembeleza mtoto kwa lugha yake. Ilikuwa imenaswa na mtaalamu Hugo Zemp mwaka 1970 kwa ajili ya elimu. Wimbo ulitumiwa mpaka katika matangazo ya biashara. Wasikilizaji wengi waliambiwa, au walidhani, kwamba ni sauti ya watu wa misitu ya Afrika. Hata bara lake alinyang'anywa.

VIJANA WANAOTAFUTA

Tusije tukamtupia mawe kila kijana mwenye vidude masikioni. Wengi wao wafanya kazi ambayo sisi wazee tulishindwa kuifanya. Mradi wa Singing Wells, ulioanza mwaka 2011 kwa ushirikiano wa Ketebul na wenzao wa London, umezunguka vijiji vya Kenya, Uganda na Rwanda ukinasa wapigaji pale pale walipo. Jumuiya ya Nairobi iliyojiita Santuri, neno letu la zamani, imewakutanisha madijei na wapigaji wa ala za jadi wapate kutengeneza muziki pamoja, wote wakiwa chumba kimoja. Dennis Mosiere, ambaye watu wamjua kama Grandmaster Masese, ni mshairi na mpiga obokano aliyeipandisha ala ya Wagusii majukwaani Nairobi mbele ya vijana wasioijua.

Yuko pia Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi ajiitaye KMRU, ambaye hutunga kwa sauti za mitaani, upepo, umeme na nyayo za watu. Huenda msikilizaji wa taarabu akasema huo si muziki. Haya, na tuuite sanaa ya sauti, ndivyo wao wenyewe waiitavyo. Jina lake ni la babu yake, yule Joseph Kamaru mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na mjukuu amejitwika kazi ya kuzitoa upya nyimbo za babu. Mwaka 2022 alitoa kazi iliyotengenezwa kwa sauti zilizowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, sauti za Afrika zilizochukuliwa enzi za ukoloni. Ndani ya kazi hiyo auliza swali lile lile la mzee wa Nyamira: mwenye sauti hii yuko wapi?

Basi kijana wa Kisii si mwizi. Amekataa kuridhika na nyimbo ziletwazo na redio. Jumapili hupanda milima na kinasa sauti chake, hukaa na wachumaji wa chai, husikiliza mvua. Mwenyewe aliniambia, "Mzee, nikingoja serikali ije kunasa haya, wazee watakuwa wamekwisha." Sikuwa na jawabu la kumpa, kwa sababu ni kweli.

ELIMU YA CHUONI

Lakini liko jambo moja ambalo kijana yule hakufundishwa, na ambalo kila mtoto aliyepita chuoni kwa maalim alilifahamu kabla ya kuota ndevu. Kwetu sisi neno halisimami bila ya mapokezi yake. Hadithi ikitajwa, wenye elimu huuliza: umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani, mpaka mwanzo wake. Hiyo ndiyo isnadi. Mlolongo ukikatika mahali, hadithi hudhoofika hata kama maneno yake ni matamu. Tena mwanafunzi hajitwalii kitabu na kukisomesha. Hungoja mwalimu wake ampe ijaza, yaani idhini, na ijaza hiyo humtaja mwalimu wa mwalimu wake.

Sifananishi maneno ya Mtume na nyuzi za obokano, Mungu aniepushe. Wala siingii katika khitilafu ya wanazuoni juu ya ala za muziki, ambayo wenyewe wameijadili karne nyingi kwa elimu nisiyokuwa nayo. Nasema adabu tu. Adabu ile ya kupokea na kumtaja uliyepokea kwake ndiyo inayokosekana katika biashara ya sauti leo. Sauti hukatwa, hurukishwa kutoka simu hadi simu, na kila inaporuka huacha jina moja nyuma, mpaka ikifika sokoni ni yatima.

Sheria nayo ina la kusema, ila yasema kwa midomo miwili. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda sauti iliyonaswa kwa miaka 50 tangu inaswe. Kwa hesabu hiyo zilizonaswa mwaka 1950 zilikwisha kulindwa zamani, na yeyote aweza kuzichukua. Lakini mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za asili, nayo yasema kwamba mambo hayo ni ya jamii iliyoyarithi, kwamba anayetaka kuyatumia kwa biashara aombe idhini kwanza na faida igawanywe, na kwamba serikali za kaunti ziyaandikishe. Sheria ni nzuri. Ila mzee wa kigoda hakuijua, wala kijana wa spika, wala yeyote niliyemwuliza pale uwanjani.

NA SISI HUKU PWANI?

Msomaji wa Mombasa asije akasema: hayo ni ya Wakisii, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, tena kwa uchungu.

Mwaka 1981 wanamuziki wawili mashuhuri, Brian Eno na David Byrne, walitoa santuri ambayo katika wimbo mmoja walitumia sauti za Waislamu wa Algeria wakisoma Kurani, zikachanganywa na magitaa na ngoma. Waislamu wa Uingereza walilalamika, na wimbo ule ukaondolewa katika matoleo ya baadaye. Mwaka 2017 huko Tunisia DJ mmoja wa kutoka Uingereza alipiga adhana iliyochanganywa na muziki katika ukumbi wa dansi. Ukumbi ulifungwa, naye alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja hali ameshaondoka nchini. Akaomba radhi, akisema hakukusudia kuudhi. Tuliposikia habari hizo hapana mmoja wetu aliyehitaji kufasiriwa. Tulijua mara moja kwamba kuna sauti ambazo huwezi kuzikata kipande ukazizungusha, kwa sababu kipande kile kimebeba kitu kizima.

Naam. Basi na wimbo wa kumwombolezea mtu, wenye jina lake na jina la babake, nao si una kitu kizima kwa wenyewe? Tukitaka adhana yetu iheshimiwe na DJ wa Ulaya, yatupasa kumheshimu mzee wa Nyamira anapouliza jina limekwenda wapi. Heshima haina upande mmoja.

Na taarabu je? Siti binti Saad na wenzake walisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kunasa santuri. Tangu siku hizo nyimbo zetu zimepita katika santuri, kanda, sidii, na sasa katika simu. Juma Bhalo ametutoka mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Nenda leo barabarani usikilize nyimbo za magwiji hao katika simu za vijana. Jina la mwimbaji huenda limeandikwa, tena limekosewa. Jina la mtunzi wa shairi halipo. Sisi washairi twalijua donda hili: waweza kusikia beti zako arusini, mwimbaji akitunzwa mbele ya macho yako, na pale ulipoketi hapana anayejua kwamba maneno ni yako. Limenifika mimi zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mzee yule alipouliza swali lake kwa Kigusii, kabla sijafasiriwa nilikuwa nimekwisha mwelewa usoni.

KUNA WANAOPINGA

Wako watakaosema kwamba nataka kuwafunga vijana minyororo. Muziki, watasema, umekuwa ukiazimana tangu zamani. Taarabu yenyewe imeazima kutoka Misri na India, na benga ya Kikisii haikuota peke yake kilimani. Ni kweli tupu. Ngoma isiyoazima hufa. Lakini kuazima ni neno lenye adabu yake: aazimaye hubisha hodi, na hujua nyumba aliyokiazima. Anayeingia dirishani hatumwiti mwazimaji.

Wengine watasema kijana apatae shilingi elfu tatu kwa usiku hawezi kumlipa kila mtu aliyemnasa. Nami nakubali. Mzee hakudai pesa. Alidai jina, na jina halihitaji petroli. Siku kijana atakapopata malipo makubwa, Nairobi au Ulaya, hapo hesabu nyingine ifanywe, tena iandikwe kabla ya safari, si baada yake.

LA KUFANYWA

Kwanza, serikali za Kisii na Nyamira, ambazo katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi shughuli za utamaduni, zianze kuandikisha wapiga obokano walio hai, sauti zao na nyimbo zao, na nakala ibaki huko huko kwao. Isiwe lazima mjukuu apande ndege kwenda kumsikiliza babu. Na serikali zetu za pwani zifanye vivyo hivyo kwa wapiga zumari, wapiga udi, na wanaoyajua mashairi ya zamani kwa moyo.

Pili, redio. Zipo stesheni zisemazo Kigusii siku nzima, kama Egesa FM, na zipo zetu huku. Mtangazaji amtaje mpigaji na mtunzi kila apigapo wimbo. Sauti ya Kenya ya zamani ilikuwa na makosa yake, lakini desturi ya kutaja ilikuwapo.

Tatu, vijana wenyewe. Kila kipande cha sauti ukikihifadhi, kihifadhi na majina yake: nani amepiga, wapi, lini, wimbo wahusu nini, na alikuruhusu nini. Uulize pia kama kuna sehemu isiyokatwa. Hiyo ndiyo isnadi yako, na kijana mwenye isnadi hana wa kumtisha, awe hakimu au kampuni ya ng'ambo.

Na la disko matanga lenyewe, wazee na machifu waendelee kuwalinda watoto usiku. Hilo ni wajibu. Lakini wajue kwamba katika kelele zile kuna mahali ambapo obokano imepata wasikilizaji iliyokuwa imewapoteza. Yafaa kupatengeneza kuliko kupazima.

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya maziko, nilimwona kijana akimwendea mzee na kinasa sauti mkononi. Akachutama. Mzee hakuigusa obokano. Alimwambia kwanza alitamke lile jina alilolikata, jina la marehemu, jina la babake, na kilima. Kijana akatamka, akakosea. Akarudishwa mwanzo, akakosea tena, kama mtoto chuoni mbele ya ubao. Niliwaacha wakiendelea, kwa sababu basi langu lilikuwa likiondoka Keroka, na sijui alirudishwa mara ngapi kabla ya mzee kunyoosha mkono kwenye nyuzi.

Wabillahi taufiki.